Nani Hula Majani ya Mto?

Kijito kinachopita chini ya miti minene hakipati jua la kutosha kuotesha mwani, kwa hiyo chakula chake hutoka juu. Majani yanadondoka mwaka mzima, yanakwama kwenye mawe na mizizi, yanalowa, yanalainishwa na kuvu, kisha lazima apatikane wa kuyatafuna. Ulaya na Amerika Kaskazini watafunaji hao walitambuliwa mapema. Mwaka 1980 Robin Vannote na wenzake walichapisha nadharia ambayo mpaka leo mwanafunzi wa ikolojia ya mito huikuta katika masomo ya mwanzo kabisa: huko juu, mto ukiwa mwembamba na wenye kivuli, watafunaji wa majani ni wengi, ukiteremka na kupanuka wanapungua, na nafasi yao inachukuliwa na wale wanaochuja chembechembe au kukwangua mwani.

Kenya mambo hayakukaa hivyo. Mwaka 2002 Mike Dobson na wenzake, akiwamo Jude Mathooko wa Chuo Kikuu cha Egerton, walichapisha matokeo ya utafiti wao katika vijito vya nyanda za juu za Kenya. Majani yalikuwepo tele, lakini watafunaji walikuwa wa kuokoteza. Kama hawapo, basi nani hula majani ya mto?

Swali hilo limewaajiri watu wengi tangu wakati huo, na baadhi yao wamekaa Eldoret. Mmojawapo ni binti wa Budalang'i ambaye, alipopanda matatu kwenda chuoni kwa mara ya kwanza, hakuwa na habari nalo hata kidogo.

Kwao ni kule Mto Nzoia unakokaribia kumwagika katika Ziwa Victoria, na kabla ya kumwagika hupita kwanza kwenye nyumba za watu. Aliujua mto tangu utotoni kama mgeni wa msimu wa masika asiyebisha hodi. Alipita mtihani wa KCSE vizuri, ila si vizuri kwa kiwango cha udaktari alioutaka, na KUCCPS, ile idara inayowagawia wanafunzi wa Kenya nafasi za vyuo, ikampeleka Chuo Kikuu cha Eldoret kusomea uvuvi na viumbe vya majini. Mjomba wake aliangua kicheko. "Unatoka ziwani unapanda mlimani kusomea samaki?"

Mjomba hakuwa ameutazama mto wote. Sosiani, unaokatiza katikati ya Eldoret, huungana na Kipkaren, na Kipkaren huingia Nzoia. Moiben, unaoshuka kutoka milima ya Cherang'any na kujaza bwawa la Chebara linalolisha mji huo maji, nao ni tawi la Nzoia. Maji yaliyokuwa yakiingia sebuleni kwao yalikuwa yamepitia huku kwanza, mita elfu moja hivi juu ya Budalang'i, mahali ambapo mtu wa ziwani hulala na blanketi mbili hata mwezi wa pili.

Chuo chenyewe kiko Chepkoilel, nje kidogo ya mji. Mwaka 1946 walowezi wa Kizungu walikifungua kama kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa. Mwaka 1984 kikawa chuo cha walimu wa sayansi. Mwaka 1990 kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2013 kikapata hati yake chenyewe. Kwa hiyo mtu akiingia pale hukutana na ng'ombe, mahindi na ngano kabla hajakutana na profesa. Binti alipenda hilo. Kilichomsumbua ni baridi.

Mwaka wa tatu ulifika wakati wa mafunzo ya vitendo, ile atachimenti inayowakosesha usingizi wanafunzi wa Kenya nzima. Wenzake waliowahi walikwenda kwenye mabwawa ya samaki na ofisi za kaunti. Barua zake yeye hazikujibiwa. Siku aliyobisha mlango wa maabara ya ikolojia ya mito hakuwa na ndoto yoyote ya utafiti. Alikuwa anatafuta mtu wa kumtilia sahihi kitabu chake cha atachimenti.

Mhadhiri aliyekuwa akiiongoza maabara hakumuuliza gredi.

"Macho yako yako sawa?"

"Navaa miwani, Daktari."

"Miwani si tatizo. Unaweza kukaa na trei moja toka asubuhi hadi saa nane?"

Akajibu anaweza. Karibu kila anayeulizwa swali hilo hujibu anaweza, na wengi wao huonekana tena siku ya kugawa vyeti.

Sampuli ya mto huja ndani ya chupa ya plastiki, imezama katika ethanoli. Huoshwa juu ya chekeche lenye matundu madogo sana, ikamwagwa kwenye trei nyeupe, ikaongezwa maji, taa ikasogezwa karibu. Kinachoonekana ni uchafu mtupu: mchanga, vijiti, vipande vya majani, mbegu. Wadudu wamo humo humo, wamepoteza rangi, wengine hawafiki milimita tatu. Kazi ni kuwatoa wote kwa kibano, mmoja mmoja, bila kumvunja mguu hata mmoja, kwa sababu mguu ndio utakaowatenganisha na jamaa zao baadaye chini ya hadubini. Wenye mikia mitatu wana chupa yao. Wenye mikia miwili na vishada vya matamvua makwapani wana yao. Wapo wanaojijengea vijumba vya changarawe au vipande vya majani na kutembea navyo, na wapo mabuu mekundu ambao, wakijaa kwenye trei, mtu hahitaji kuambiwa maji yale yametoka chini ya mji.

Wiki za mwanzo aliona matope tu. Aliyemtoa huko hakuwa daktari wala profesa. Alikuwa fundi wa maabara, mtu mzima anayekaribia kustaafu, ambaye kila mtu alimwita Mzee. Mzee alisimama nyuma yake, akatazama trei aliyokwisha kuimaliza, akachukua kibano na kutoa wadudu saba.

"Usitafute mdudu, msichana wangu. Tafuta kitu ambacho si mchanga na si jani."

Ni ushauri ambao haumo kwenye mwongozo wowote wa maabara, na ulifanya kazi siku ileile. Mzee huyo aliweza kuitambua familia ya mdudu bila hadubini, akiangalia jinsi alivyojikunja tu. Wanafunzi wa uzamili walimletea vichupa vyao kwa siri kabla ya kuvipeleka kwa msimamizi. Katika sayansi ya mito ujuzi mwingi umekaa kwenye mikono ya watu wa aina hii, na majina yao, makala ikitoka, huishia kwenye mstari wa shukrani ikiwa wamebahatika. Hilo ni deni ambalo vyuo vingi vya Afrika Mashariki havijaanza hata kulihesabu.

Mzee ndiye pia aliyemfundisha penseli. Lebo ya sampuli huandikwa kwa penseli kwenye karatasi ngumu na kutumbukizwa ndani ya chupa: mto, mahali, tarehe, maji ya kasi au dimbwi, jina la aliyekusanya. Ethanoli hula wino wa kalamu. Lebo ya nje hubanduka. Chupa iliyopoteza lebo yake hata ikiwa na mdudu ambaye dunia haijamwona ni ya kumwagwa.

Mwanafunzi anayetafuta maabara ya kujiunga nayo kwa kawaida hutazama mashine. Binti naye, alipoanza kufikiria shahada ya uzamili, alizunguka akilinganisha: huku kuna mashine ya kupima madini, kule kuna friji ya kushuka nyuzi themanini chini ya sifuri. Aliporudi Chepkoilel alitazama rafu. Chupa zilizopangwa kwa jina la mto na mwaka. Madaftari ya kazi za nje yaliyovimba kwa maji ya mvua, yenye mwandiko wa watu waliokwisha kuondoka zamani. Mashine hununuliwa msaada ukija, na huharibika msaada ukiisha. Mto uliopimwa na kupimwa tena haununuliki. Ukienda leo ukakuta mabuu mekundu mahali fulani pa Sosiani, huwezi kusema lolote la maana mpaka mtu akuambie palikuwaje zamani.

Na kwa mito ya upande huu, kuna waliokwisha kusema. T. R. Williams na H. B. N. Hynes walichapisha mwaka 1971 uchunguzi wao wa wanyama wa vijito vya Mlima Elgon. Mwaka 2009 Frank Masese, pamoja na M. Muchiri na Phillip Raburu, walichapisha makala kuhusu Moiben wenyewe, wakionyesha jinsi jamii za wadudu wa majini zinavyoweza kutumika kupima hali ya maji ya mto ule. Binti aliisoma makala hiyo akiwa na ramani ya Moiben mezani, akiweka alama kwa kidole. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma jarida la kisayansi linalotaja mahali anapoweza kufika kwa matatu.

Kupima maji kwa wadudu si kubahatisha. Afrika Kusini wana mfumo wao, SASS, ambao toleo lake la tano lilitolewa na Charles Dickens na Mark Graham mwaka 2002. Kila familia ina alama kulingana na jinsi inavyovumilia uchafu. Minyoo ya matope hupata 1. Mabuu mekundu hupata 2. Wale wa mikia miwili na matamvua makwapani hupata 12, maana maji yakiharibika kidogo tu wanatoweka. Unajumlisha, unagawanya kwa idadi ya familia, unapata wastani wa kukuambia mto una afya kiasi gani. Tanzania imeshatengeneza mfumo wake kutokana na huo. Kenya wengi bado huazima, na kwa kutambua wadudu hutumia vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya kusini mwa Afrika, wakijua kabisa kwamba mdudu wa Cherang'any hana wajibu wa kufanana na wa Drakensberg.

Kaa wa mtoni, kwenye mfumo huo, ana alama 3.

Hapo ndipo binti alipoanza kusumbuka. Kaa ni mvumilivu, kwa hiyo hamwambii mpimaji mengi kuhusu uchafu, kwa hiyo anapewa alama ndogo na kutupwa pembeni. Tena hakamatiki ovyo: mchana hujificha chini ya mawe, na kifaa cha kawaida cha kukusanyia sampuli, kilichotengenezwa kwa ajili ya vijidudu, humkosa au humpata mtoto wake tu. Basi mtu anaweza kufanya utafiti mzima wa kijito akaandika kwamba watafunaji wa majani hawapo, huku mtafunaji mkubwa kuliko wote amekaa chini ya jiwe akimtazama.

Mwaka 2014 Masese na wenzake walitoa makala nyingine, safari hii kutoka vijito vya nyanda za juu, 10 vyenye kivuli cha miti na 10 vilivyo wazi katikati ya mashamba. Hawakuridhika kukiuliza kitabu mdudu fulani anakula nini. Waliwapasua matumbo wakaangalia chini ya hadubini kilichomo. Baadhi ya wadudu ambao vitabu vya kaskazini vingewaweka kundi jingine walikutwa na vipande vya majani. Aina 19 ziliingia kwenye orodha ya watafunaji. Na walipopima uzito, kaa wa jenasi Potamonautes pamoja na mabuu ya Tipula, yale manene ya rangi ya udongo, walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa viumbe vyote katika sampuli nyingi zilizokuwa na wote wawili. Dobson mwenyewe alikuwa amekwisha kugeukia kaa. Mwaka 2007 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu maisha ya kaa wa Bonde la Ufa nchini Kenya.

Kaa huyohuyo ana kisa kingine, ambacho Mzee alikisimulia kila alipopata mgeni. Usubi, ugonjwa unaopofusha macho, ulikuwa umeenea sehemu za magharibi mwa Kenya, ukisambazwa na inzi mdogo mweusi anayezaliwa kwenye maji ya kasi, Simulium neavei. Watu walipekua mawe na majani ya mto wakitafuta mabuu yake, wasiyaone. Mwaka 1950 V. D. van Someren na J. McMahon waliandika katika jarida la Nature kwamba wameyapata: yalikuwa yamejibanza kwenye magamba ya kaa, yakibebwa huku na huko. Van Someren alikuwa mtaalamu wa samaki wa trauti walioletwa na Wazungu katika mito ya Kenya. Kampeni ya kuwaua inzi hao kwa DDT ndiyo iliyoondoa usubi nchini, kwa gharama ya viumbe vingine vya mto. Mzee alipenda kumalizia kwa kugeuza kaa tumboni na kumwambia mwanafunzi aangalie. Hakuna buu. Mwanafunzi huangalia tu.

Utafiti wa uzamili wa binti ulianza kwa mifuko. Unachukua majani makavu, unayapima uzito, unayatia kwenye mifuko ya wavu, mingine yenye matundu makubwa ya kupitisha kaa na wadudu, mingine yenye matundu madogo ya kupitisha kuvu na bakteria peke yao. Unaifunga kwenye mizizi ndani ya maji. Unairudia kwa zamu, unapima kilichobaki. Tofauti kati ya mifuko ndiyo kazi ya watafunaji. Alitumia majani ya tebeswet, mti wa asili unaojulikana sana na Wakalenjin, na majani ya mkaratusi, ambao wenyeji huuita blugamu.

Hapo mlangoni pa mto ndipo elimu ya darasani ilipoishia. Leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ilikuwa mkononi, barua ya wasimamizi wa msitu ilikuwa ndani ya bahasha, na bado kila shamba lililogusa mto lilikuwa na mwenyewe. Mwanafunzi aliyemtangulia alikuwa amemwonya: nenda kwa chifu, halafu nenda kwa wazee, halafu nenda kwa akina mama wanaochota maji, maana hao ndio wanaojua nani amefungua mfuko wako.

Na mifuko ilifunguliwa. Ng'ombe waliikanyaga. Wavulana waliidhania mitego ya samaki. Kamba nzuri ya nailoni, ikifungwa kwenye mzizi mahali pasipo na mtu, haina maisha marefu katika kaunti ya Uasin Gishu wala kwingineko. Dawa ilikuwa kumwomba mama mmoja mwenye shamba kando ya kijito awe mlinzi, kwa malipo yaliyoandikwa kwenye bajeti kama ya mfanyakazi yeyote. Mama huyo aliwakaribisha kwa salamu ya "chamgei", akawapa maziwa ya mursik kwenye vikombe, akauliza maswali ambayo kamati ya chuo haikuuliza. Kwa nini mfuko wa tebeswet unaisha haraka na wa blugamu unabaki? Kaa wanasikia harufu? Mbona hamkuweka majani ya mahindi, na ndiyo yanayojaa mtoni baada ya kuvuna?

Hilo la mwisho msimamizi aliliandika kwenye daftari lake akakaa kimya kwa muda. Siku hizi mito mingi ya Uasin Gishu haina msitu kando yake. Ina mahindi mpaka ukingoni. Mto unalishwa mabua. Mwaka uliofuata mwanafunzi mwingine alipewa mada hiyo, na mama akapata kazi tena.

Pesa ni habari fupi na ya kuchosha. Mwanafunzi wa sayansi Kenya hulipia sehemu ya utafiti wake kwa kufundisha tuisheni, kuuza data ya simu, au kuwa karani wa sensa. Vipo vyanzo vidogo vinavyojulikana: IFS ya Uswidi, iliyoanzishwa 1972, imewahi kuwasaidia wanasayansi vijana wengi, RUFORUM yenye makao Uganda huwafadhili wanafunzi wa vyuo wanachama, Jumuiya ya Ikolojia ya Uingereza ina ruzuku ya wanaikolojia walioko Afrika. Ombi lake la kwanza la ruzuku lilikataliwa kwa sentensi mbili. La pili liliandikwa na watu watatu wa maabara wakiwa wamezunguka kompyuta moja, likapita. Hiyo ndiyo faida ya maabara ambayo haionekani kwenye orodha ya vifaa: mtu amekwisha kuandika ombi kama lako, anajua wapi wasomaji huchoka.

Kwa shahada ya uzamivu alipata miezi kadhaa katika chuo kimoja cha Ulaya, kwa sababu vipimo vya isotopu alivyohitaji havikuwa vikifanyika karibu naye. Kabla ya hapo vilikuja vibali vya kusafirisha sampuli nje ya nchi, ambavyo vilichukua muda mrefu kuliko vipimo vyenyewe. Kuna wanaolalamikia sheria hizo. Ukikumbuka ni vielelezo vingapi vya Afrika Mashariki vilivyoondoka bila hata barua na kukaa kwenye makabati ya Ulaya hadi leo, malalamiko hupungua makali.

Kule Ulaya wenzake walimpeleka kwenye kijito chao. Waliinua rundo la majani, na ndani yake kulikuwa na Gammarus, kamba wadogo waliopinda, wamejaa wakitafuna. Akaielewa nadharia ya Vannote kwa macho. Mtu aliyekulia kwenye kijito kama hicho, akienda Cherang'any na wavu wake uleule, atatafuta Gammarus, na asipomwona ataandika "hakuna". Alipowaonyesha picha ya kaa wa Moiben akiwa ameshika jani la tebeswet kwa gando, walinyamaza, kisha mmoja akauliza kaa huyo ana uzito gani. Alikuwa na takwimu hizo. Jioni hiyo walikula pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu afike, mazungumzo hayakuwa kuhusu Ulaya.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Nchi nyingi zina daraja la katikati, miaka miwili mitatu baada ya uzamivu ambapo mtafiti kijana hufanya utafiti tu chini ya maabara ya mwingine. Kenya daraja hilo ni jembamba mno. Mwenye shahada mpya mara nyingi huangukia moja kati ya mawili: masaa mengi ya kufundisha kwa mkataba, au ofisi ya shirika lisilo la serikali. Yeye alipata nafasi kwenye mradi wa mto, yenye kikomo, na akarudi kwenye trei. Baadhi ya jamaa zake hawakulielewa jambo hilo. Daktari mzima bado anachambua matope?

Siku hizi ndiye anayewapokea wanafunzi wa atachimenti. Hawaulizi gredi. Huwapa makala mbili wasome, ile ya 2002 na ile ya 2014, warudi baada ya siku kadhaa wamwambie waandishi wanapishana wapi. Anayerudi na muhtasari humpa trei. Anayerudi na swali humpa trei na ufunguo. Kitu kingine alichokibadilisha ni jina la fundi wa maabara: likistahili kuwa miongoni mwa waandishi wa makala, linawekwa, na mazungumzo hayo hufanyika kabla ya kwenda mtoni, si siku ya kutuma makala.

Matokeo ya mifuko aliyarudisha Moiben mwenyewe, kwenye baraza la chifu, kwa bango la karatasi na kaa hai ndani ya ndoo. Mikaratusi ni jambo nyeti katika sehemu hizo. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira, aliagiza ing'olewe kando ya vyanzo vya maji, kwa sababu ya maji inayokunywa; wakulima wengi hawakuing'oa, kwa kuwa mti huo huuzwa kwa ajili ya nguzo za umeme na kuni za viwanda vya chai, na miti mingi ya asili haikui kwa kasi ile. Binti hakuzungumzia unywaji wa maji. Alizungumzia majani: ya tebeswet yaliliwa upesi, ya mkaratusi, yenye mafuta na nta, yalikaa kwenye mfuko karibu kama yalivyowekwa. Kaa aliyewekewa yote mawili alichagua.

Mzee mmoja mwenye shamba refu kando ya mto aliinuka.

"Kwa hivyo nikate blugamu zote, Daktari?"

Akamweleza kuhusu kanuni za ukingo wa mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto, na kwamba safu iliyo karibu na maji ndiyo inayomwaga majani mtoni. Mwenye shamba alihesabu kwa vidole, akageuka kumtazama mkewe, mkewe akatikisa kichwa kidogo.

"Safu ya chini nitatoa, nipande tebeswet. Zile za juu ni karo. Mpaka huyu wangu wa mwisho amalize Form Four, hao kaa wako watavumilia."

Chifu akaandika. Watoto walikuwa wamekwisha kumtoa kaa kwenye ndoo.